Visiwa Viwili kwa Gari la Kukodi na Boti: Safari ya Jamaa kutoka Milimani hadi Kojani

  

Kina mama kadhaa wametuuliza, kwa barua na kwa mdomo, kama inafaa kwa familia ya Kiislamu yenye watoto na mzee kuizuru Zanzibar kwa kujitegemea: wakodi gari lao, wapande boti wenyewe, wasiongozwe na kampuni ya watalii. Jibu letu ni kwamba inafaa, na ina kheri nyingi, kwa masharti ambayo tutayaeleza. Na kwa kuwa sisi wenyewe tuliifanya safari hiyo katika likizo ya mwisho wa mwaka 2024, tukitokea Milimani, mjini Nakuru, tumeona ni bora tueleze kwa mifano tuliyoishuhudia.

Sababu ya safari

Safari yetu haikuwa ya matembezi matupu. Bibi wa watoto wetu, mama yake mama watoto, alizaliwa Vanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Baba yake alikuwa mvuvi wa Kojani, kisiwa kidogo kilicho ubavuni mwa Pemba. Wavuvi wa Kojani wanajulikana pwani yote kwa kwenda dago, yaani kuhama na vyombo vyao msimu mzima na kupiga kambi katika fukwe za mbali wakifuata samaki. Wengi wao walioa na kuzaa huku Kenya, wakabaki.

Waliobaki walikaa miongo mingi bila ya kutambuliwa. Bibi alizaa na kulea akiwa hana kitambulisho. Simu aliyotumia iliandikishwa kwa jina la mwanawe. Hakuweza kufungua akaunti ya benki, sembuse kuomba pasipoti. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliitambua rasmi jamii ya Wapemba kuwa ni raia, na vitambulisho vikaanza kutolewa. Bibi alipata chake, na mwaka uliofuata akapata pasipoti. Siku alipoishika mkononi hakusema mengi. Alisema, "Sasa nipelekeni Kojani nikawaone ndugu za baba kabla sijafa."

Ombi la mzee wa namna hiyo halina mjadala. Kuunga udugu ni katika wajibu mkubwa wa dini yetu, na safari inayofungwa kwa ajili yake ni ibada kabla ya kuwa starehe. Watoto wetu, waliozaliwa juu ya miinuko ya Bonde la Ufa na wanaolijua Ziwa Nakuru kuliko wanavyoijua bahari, walipata nafasi ya kujua kwamba nusu ya damu yao ni ya watu wa mashua.

Matayarisho na adabu za safari

Sunna imetufundisha kwamba watu wakisafiri pamoja wamteue mmoja wao kuwa kiongozi, ili neno liwe moja. Tukateuliwa sisi kwa njia, na mama watoto kwa mfuko wa fedha, na ilikuwa busara, kwani mfuko ulirudi na kitu ndani.

Karatasi hutangulia mizigo. Kila msafiri, hata mtoto mchanga, awe na hati yake ya kusafiria. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahauliwe, kwa sababu Tanzania huidai kwa wanaotoka Kenya. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar imeweka pia bima ya lazima kwa wageni wanaoingia visiwani, inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Mwenye familia aulizie mapema kinachomhusu yeye na watu wake, ili asije akakwama gatini na watoto wamesimama juani.

Kuhusu mahram, tunakumbusha kwa upole. Mwanamke katika safari ndefu huwa na mumewe au mahram wake. Baadhi ya watu hudhani kwamba mama mkwe ni ajinabia kwa mume wa bintiye. Sivyo. Kwa kufungwa nikaha tu, mama wa mke huwa haramu kwa mkwewe milele, na mkwe akawa mahram wake. Basi Bibi alisafiri nasi kwa halali na kwa utulivu wa moyo. Dada mjane asiye na mwana wa kumfuata atazame kwanza kaka, mpwa au mkwe kabla ya kukata tamaa.

Tulitoka Nakuru kwa basi hadi Nairobi, kiasi cha kilomita 160, kisha tukashuka Mombasa kwa treni ya reli mpya. Tulimchukua Bibi huko, tukavuka mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, tukalala Tanga kisha Dar es Salaam. Zipo nyakati ambapo meli hutoka Tanga moja kwa moja hadi Pemba, lakini si kila siku, na mwenye familia hapangi safari yake juu ya "huenda". Njia ya Dar es Salaam ina boti kila siku.

Boti na bahari

Boti za mwendo kasi huvuka kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja, kwa muda wa saa mbili hivi. Tulichagua ya asubuhi kwa sababu mbili. Kwanza, bahari huwa imetulia zaidi kabla upepo haujakaza. Pili, msafiri hushuka nchi kavu kabla ya Adhuhuri, akaswali kwa nafasi. Aliyelazimika kuswali chomboni husimama akiweza, huelekea qibla akiweza, na chombo kikiyumba sana huswali ameketi, wala dini si nzito.

Hapa tuliwafundisha watoto jambo ambalo liliwastaajabisha. Makka na Pemba ziko takriban katika mstari mmoja wa longitudo, digrii 39 na ushei mashariki. Kwa hiyo aliye Pemba akielekea kaskazini halisi ameielekea Al-Kaaba karibu sawasawa. Sisi wa Nakuru tumezoea kupinda kidogo kuumeni mwa kaskazini. Na boti inayotoka Dar es Salaam kwenda Unguja huelekea kaskazini, basi abiria husafiri na qibla iko mbele ya omo.

Msimu nao utazamwe. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, hasa Juni hadi Agosti, na mkondo huchafuka. Likizo ya Agosti kwa hiyo huwapa watoto kichefuchefu kingi. Masika ya Machi hadi Mei huleta mvua. Desemba huwa kaskazi, na bahari kwa kawaida ni shwari zaidi. Aliye mwepesi wa kulewa bahari akae katikati ya chombo, sehemu ya chini, ale kidogo, atafune tangawizi, na atazame upeo wa macho badala ya simu.

Lakini lipo jambo zito kuliko kichefuchefu, na hatuwezi kulipita. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imejaza watu na shehena kupita kiasi. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wakiwa kina mama na watoto. Mwaka haujaisha, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Sisi wa Kenya hatuna la kuwacheka wenzetu. Tarehe 29 Aprili 1994 watu 272 walikufa katika kivuko cha Mtongwe, Mombasa. Na Septemba 2019 mama na bintiye walizama Likoni pale gari lao lilipoteleza kutoka kwenye feri.

Ziko kauli zinazosemwa baada ya kila msiba: "Ilikuwa siku yao." Ni kweli kwamba ajali haiendi mbele wala nyuma. Lakini kadari haimwondolei mtu dhima ya kuchunga, na aliyefundishwa amfunge ngamia wake kwanza ndipo atawakali hana ruhusa ya kuipanda meli iliyojaa kisha akaiita tawakkul. Anayewapakia watoto wake katika chombo anachokiona kimeelemewa atakuja kuulizwa juu yao, kwa maana mlezi huulizwa juu ya aliowalea.

Basi masharti yetu yalikuwa haya. Tiketi tulinunua ofisini, hatukununua kwa vijana wa gatini. Majina yetu yaliandikwa sawasawa na pasipoti, ili orodha ya abiria iwe ya kweli. Tulipoketi tulionyesha watoto mahali jaketi za kuokolea zilipo na mlango wa kutokea ulipo, kabla ya kufungua biskuti. Na pale Likoni, kama katika kila kivuko kinachobeba magari, abiria hushuka garini, na dereva hutia gia na breki ya mkono.

Unguja na gari la kukodi

Visiwani huendeshwa kushoto kama kwetu, na hili humpunguzia Mkenya mashaka. Unguja haizidi kilomita 90 kwa urefu, kwa hiyo hakuna pembe ya kisiwa isiyofikika na kurejewa mchana mmoja.

Kukodi gari katika fiqhi ni ijara, nayo hutaka mambo yajulikane: manfaa yanayokodiwa, muda wake, na ujira wake. Neno "tutaelewana" halitoshi. Tuliandika siku ya kuchukua na saa ya kurudisha, nani analipa mafuta, nani anatengeneza tairi ikipasuka, na kwamba gari halitavushwa bahari. Mkodishaji ana haki ya kuweka sharti hilo, na sisi tulilikubali. Zanzibar ina taratibu zake za kibali cha udereva kwa mgeni, na askari wa barabarani hukagua. Hatukupokea ufunguo mpaka mwenye gari alipotuonyesha karatasi zote: bima, kibali na leseni ya njia.

Mkodi, wanavyuoni wametuambia, mkono wake ni mkono wa amana. Chombo kikiharibika pasi na uzembe wala kupindukia mpaka, hadhamini. Lakini akizembea, hudhamini. Kwa hiyo ni haki ya pande mbili kuijua hali ya gari tangu mwanzo. Binti yetu mkubwa alilizunguka gari asubuhi ile akalipiga picha kila upande, pamoja na gurudumu la akiba na jeki. Siku ya kurudisha, mwenye gari alionyesha mkwaruzo kwenye bampa ya nyuma akadai fidia kubwa. Binti akatoa simu. Mkwaruzo ulikuwamo katika picha ya siku ya kwanza, na saa imeandikwa. Yule bwana alinyamaza, akaomba radhi, akarudisha fedha zetu za dhamana zote. Sauti haikupanda, wala urafiki haukuvunjika. Hiyo ndiyo faida ya kuandikiana na kushuhudisha, jambo ambalo Mwenyezi Mungu ametuagiza katika muamala kabla sheria za nchi hazijafikiri.

Katika Mji Mkongwe gari huwekwa kando, kwani vichochoro ni vya miguu. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watoto walijifunza kwamba hata jumba la sultani linahitaji kutunzwa. Mkunazini tuliwaonyesha palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Hatukuwaficha kwamba miongoni mwa waliouza na kununua walikuwamo Waislamu. Mtoto anayefundishwa historia nusu hulipa nusu ya pili ukubwani.

Tuliwaambia pia habari za elimu. Katika mji huu alikuwapo Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyefariki mwaka 1925, ambaye wanafunzi walivuka bahari kumfuata. Na hapa alizaliwa, mwaka 1912, Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mwenye tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyomo katika nyumba zetu nyingi, na ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mipaka ya leo haikuwazuia wanavyuoni wetu wa jana.

Siku ya pili tuliendesha kusini. Msitu wa Jozani una kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake duniani. Hajali watu, ila mtu asimlishe. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri humo, kwa kupunguza na kukusanya, na wenyeji wakatupisha safu kana kwamba tulizaliwa mtaa wa pili. Kwa zaidi ya miaka 900 mahali pale pamesujudiwa. Bibi alikaa ukutani baada ya swala, akalipapasa jiwe, akasema kwamba sasa anaamini maneno ya baba yake, kwamba Uislamu wa pwani hii haukuja jana.

Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, tuliwakuta kina mama majini wakati wa maji kupwa, wakifunga mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti. Kilimo hicho kilianza huko mwaka 1989, na karibu chote kimo mikononi mwa wanawake. Mapato yake yaliwapa wengi fedha za kwanza zilizo zao wenyewe, wakasomesha watoto, wakaezeka nyumba kwa bati. Sasa wanalalamika kwamba maji ya ufukoni yamepata joto na ile aina ya mwani wenye bei hufa. Baadhi yao wameanza kutengeneza sabuni na mafuta ya mwani badala ya kuuza ukavu tu. Kina mama wenzetu wanunue kwao, wala wasigombee bei mpaka mwisho.

Neno kuhusu fukwe. Visiwa hivi ni vya Waislamu, lakini baadhi ya fukwe zimejaa mavazi yasiyotuhusu. Familia haina haja ya kugombana na mtu. Fukwe ni nyingi. Tulikuwa tukienda asubuhi mapema, upande wa kijijini, na wanawake wetu waliingia majini na nguo zao za stara bila ya mtu kuwatupia jicho. Kabla ya kulipia nyumba ya wageni tuliuliza waziwazi kama huuza ulevi. Zipo nyingi zisizouza, na wenyewe hufurahi kuulizwa.

Pemba, kisiwa cha kijani

Baada ya siku tatu tulirudisha gari, tukapanda boti hadi Mkoani, bandari ya kusini ya Pemba. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki Al-Jazira Al-Khadhraa, na jina limekifaa. Unguja ni tambarare kwa sehemu kubwa. Pemba ni vilima na mabonde, migomba na mikarafuu. Watoto walipoona barabara inapanda na kushuka walisema tumerudi Nakuru.

Magari ya kukodi Pemba ni machache, nayo hupatikana kwa kuulizia. Mwenyeji wetu alitutafutia gari na dereva wake, na kwa masharti yale yale tukaandikiana. Mkoani hadi Chake Chake, Chake Chake hadi Wete, njia imepambwa na karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi kando ya barabara. Harufu yake huingia garini hata vioo vikifungwa. Karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba, na msimu wake ni wa jamaa nzima: wanaume juu ya miti, kina mama na watoto wakichambua vikonyo barazani usiku.

Kwa kuwa tulinuia kukaa Pemba zaidi ya siku nne kamili, tuliacha kupunguza swala tangu siku tulipofika, kama ilivyo katika madhehebu ya Imamu Shafi'i. Unguja tulikuwa tukipunguza, kwa sababu tulinuia siku tatu. Watoto walitaka kujua kwa nini visiwa viwili vina hukumu mbili. Tukawajibu kwamba hukumu haifuati kisiwa, hufuata nia ya mkaaji.

Mashua ya Kojani

Kojani iko upande wa mashariki, ng'ambo ya mkondo mwembamba. Huvukwa kwa mashua kwa muda mfupi. Asubuhi hiyo mashua ya kwanza ilikuwa tayari imejaa: watu, magunia ya mchele, mitungi ya gesi, na mbuzi wawili. Ubavu wake ulikuwa karibu na maji kwa upana wa kiganja. Hapakuwa na jaketi hata moja. Nahodha, kijana mwenye heshima, alituita tuingie: "Karibuni masheikh, nafasi ipo, ni hapa tu."

Mzee kama Bibi, aliyeingoja safari hii maisha yake yote, na kisiwa cha baba yake kikionekana kwa macho, mtu angedhani angekuwa wa kwanza kuingia. Alikuwa wa kwanza kukataa. Alisimama kwenye mchanga, akashika mkono wa mjukuu wake mdogo, akasema kwa sauti ambayo watu wote waliisikia: "Mwanangu, mimi ni binti wa mvuvi wa hapa hapa. Baba alitwambia chombo kikinywa maji ubavuni si chombo tena, ni jeneza. Nenda salama, sisi tutangoja."

Kijana akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akina mama wawili waliokuwa ndani na watoto wachanga walitazamana, wakashuka. Baada yao akashuka mzee mmoja na gunia lake. Mashua ikainuka. Nahodha akavuka na waliobaki, akarudi kutuchukua, na hatukungoja hata saa moja. Hakukasirika. Njiani alimuuliza Bibi baba yake alikuwa nani.

Tunaliandika hili kwa ajili ya kina mama hasa. Mara nyingi katika vyombo vyetu vya kusafiria, baharini na barabarani, mama huona hatari kabla ya mwingine, kwa sababu ana mtoto mkononi. Lakini hunyamaza kwa haya, au kwa kuogopa kuambiwa mwoga. Haya ni katika imani, ndiyo, ila haya isiyosema neno la kuokoa roho si ile iliyosifiwa. Neno moja la mwanamke mmoja liliwashusha watu kadhaa, na mashua ikavuka nyepesi.

Huko Kojani jina la baba yake lilitufungulia milango. Tulipelekwa kwa bibi kizee mmoja, macho yake yameingia ukungu, ambaye alikumbuka ndugu aliyekwenda dago Vanga asirudi. Alimshika Bibi uso kwa mikono miwili, akamwuliza, "Umekuja na watoto?" Akaambiwa, "Nimekuja na wajukuu." Akasema, "Basi hakupotea." Tulionyeshwa makaburi ya babu zao, tukawasomea Fatiha, tukawaombea. Siku zilizobaki hatukuhitaji nyumba ya wageni tena.

Nasaha ya kumalizia

Ndugu zetu, Zanzibar si mbali na wala si ya watalii wa kigeni peke yao. Iko ng'ambo ya mlango wetu, na wengi wetu tuna damu huko ambayo hatujaitafuta. Anayeweza kwenda aende, na atie nia ya kuunga udugu au kutafuta elimu, ili kila hatua iwe na ujira. Akodi gari kwa maandishi. Apande chombo kwa macho yaliyofunguka, asome dua ya kupanda iliyomo katika Sura Az-Zukhruf, na ile ya Nabii Nuh (A.S.) iliyomo katika Sura Hud, baada ya kuhesabu jaketi, si badala ya kuzihesabu. Na kama katika jamaa yake yumo mzee aliyepata kitambulisho juzi, amwulize angependa kwenda wapi kabla ya kuwauliza watoto.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa maji katika bahari hizi, kwani Mtume wetu (S.A.W.) ametubashiria kwamba aliyekufa kwa kuzama ana daraja ya shahidi. Awape subira waliowapoteza. Atujaalie safari zetu ziwe za kheri, na marejeo yetu yawe ya salama. Wabillahi tawfiq.